Laini ya Nyumba Tano

Kabla hujamuuliza mgonjwa wa simu anajisikiaje, muulize kwanza ni nani ameshika mkonga. Hilo nililipata kwa aibu, nyinyi nawapa bure.

Mgonjwa wangu wa kwanza wa simu alikuwa mzee wa Chepsaita, masikio mazito, ambaye kijana wake alikuwa anampiga. Alikuja wodini kwetu Eldoret jicho limevimba, akasema amegongwa na mlango. Nikapanga niwe nampigia kila wiki kwenye simu ya duka la pale senta. Wiki sita nilimpigia, na kila nikiuliza sauti nzito inanijibu: "Anasema yuko sawa." Anakula? "Anasema anakula." Kuna mtu anamsumbua? "Anasema hakuna, nyumbani wanampenda sana." Nikaandika kwenye faili kwamba mgonjwa anaendelea vizuri na ana familia yenye upendo. Wiki ya saba ndipo nilipouliza, "Na wewe unayemsaidia kusikia ni nani?"

"Mimi ndiye kijana yake," akasema, kwa fahari kabisa.

Mzee tulimhamishia kwa binti yake, na ile faili niliiweka chini ya zingine zote. Lakini nawaambia nyinyi vijana mnaokaa na vidude masikioni mkiwatibu watu walio mbali: mlango ule unagonga mpaka leo. Mjukuu wangu, ambaye anasomea kazi hii, aliponisikia nikisema nilikuwa natibu wazee kwa simu ya kuzungusha alicheka mpaka akakaa chini. "Shosh, therapy kwa simu ya kuzungusha? Si hiyo ni ya museum?" Nikamwambia kaa hapo hapo chini, nikusimulie.

Mimi ni Awuor. Nilitoka kule ziwani na sanduku la bati, nikaletwa Eldoret kuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili, na baridi ya hapa ilinipokea kwa makofi. Nilistaafu nikabaki hapa Kiplombe na kuku wangu, kwa sababu mtu akishazoea kuvaa sweta mbili hawezi tena kurudi kwenye joto. Nilikuwa na bidii, nilikuwa na huruma, na nilikuwa na mdomo. Metroni wetu, Mama Philomena, mwenyeji wa hapa hapa, mama wa maneno machache, aliniita ofisini siku moja akanipa leso nyeupe. Nikashukuru, nikidhani ni zawadi.

"Si ya kamasi," akasema. "Mgonjwa akianza kusema, uma hiyo."

Hiyo ndiyo shule yangu kubwa. Kozi nilifanya, cheti ninacho ukutani, lakini kazi nilifundishwa na leso. Shida ni kwamba mwanzoni nilikuwa naisahau mfukoni.

Basi, Kogo Leah. Kogo ni bibi kwa lugha ya wenyeji, na kila mtu alimwita hivyo. Aliletwa hospitalini na jirani, kifundo cha mkono kimevunjika. "Nilianguka," akasema. Mkono ukafungwa plasta, lakini daktari aliona kuna kitu kingine, akanituma kitandani kwake. Nikamkuta mama mwembamba ameangalia ukuta. Chakula hakijaguswa. Siku hizi mnaita sonona, na ni jina zuri, lakini yeye aliniambia, "Moyo umelala, Sista. Nauamsha, hauamki." Nikamuuliza mambo ya nyumbani. Akavuta blanketi mpaka kidevuni.

Yale machache niliyoyapata niliyapata kwa yule jirani. Kogo alikuwa mjane. Marehemu mume wake, pamoja na wenzake, walinunua shamba la mzungu huko upande wa Soy, na yeye akabaki na ile nyumba yenyewe ya mawe, na simu ukutani. Kijana yake wa mwisho, Kimutai, alirudi kutoka mjini akiwa kijana wa chama tawala, beji kifuani, shati jekundu hata siku ya kukamua. Nyinyi hamjui beji ile ilikuwa nini. Mtu mwenye beji alikuwa anaweza kukuuliza kadi ya chama ukiwa unaenda kuchota maji. Kimutai alichukua chumba cha mama yake, akamlaza stoo pamoja na mbegu za viazi, na ufunguo wa jikoni akautia mfukoni.

Kogo akaruhusiwa kwenda nyumbani. Kurudi kliniki hakuweza, Kimutai hakumpa ruhusa. Lakini Alhamisi ni siku ya soko Soy, na Kimutai hakukosa soko. Tukakubaliana nitampigia kila Alhamisi saa tatu asubuhi, kwa simu ya ofisi ya Metroni.

Kupiga simu wakati ule ilikuwa kazi ya mikono. Unazungusha, unaomba posta ya Soy, na pale Soy kulikuwa na opereta, Wafula, Mbukusu mwenye sauti ya askofu. Wafula anachomeka waya kwenye ubao wake, anapiga kengele ya nyumba, ndefu moja na fupi mbili, halafu anaanza kuhesabu. Dakika tatu zikiisha anaingia katikati ya maneno: "Tatu zimeisha! Naongeza?" Ukimwambia ongeza, anaongeza pamoja na maoni yake. "Sista, muulize kama amekunywa maziwa. Juzi alisema hajanywa." Kwa hiyo nilijua Wafula anasikiliza. Opereta ni kama padri, nilijiambia, si wa kuhesabu.

Lakini kulikuwa na kingine. Kogo akishika tu mkonga, nasikia: tik. Baadaye kidogo, tik. Halafu tena. Nikatoka jasho na baridi yote ile. Miaka ile mtu akisikia tik kwenye simu anajua ni makachero. Walimu walikuwa wanapotea kwa neno moja walilosema baa. Na mimi hapa, mtumishi wa serikali, naongea na mama wa kijana wa chama. Nikaamua kujikinga.

"Pole sana Kogo," nasema. "Umelala vibaya, pole. Na tunaishukuru serikali kwa barabara ya Soy."

Kogo anauliza: "Barabara gani?"

Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi miezi minne. Akianza kusema, "Sista, huyu kijana wangu Ki..." mimi naingilia haraka, "Tuache majina, Kogo! Tuseme tu kwamba vijana wetu ni nguzo ya taifa." Leso iko mfukoni, imekunjwa vizuri, safi.

Nisijidharau kabisa, kuna mambo niliyafanya sawa. Nilijifunza kutomuuliza mzee "unajisikiaje." Atakwambia nzuri, kwa sababu alilelewa kusema nzuri. Muulize: Jana ulikula nini? Nani alipika? Uliamka saa ngapi, na nani alikuamsha? Ukuta wa chumba chako una dirisha? Hayo atajibu, na ndani ya majibu utaona yote. Nilimpa Kogo kazi ndogo ndogo: akae juani asubuhi kabla ya kufanya lolote, atembee mpaka mtoni na kurudi, aimbe wimbo mmoja wa kanisa kwa sauti hata kama hataki. Na nilijifunza kusikiliza kimya. Kogo alikuwa na kimya chake. Kila Alhamisi akishika simu tunasalimiana, halafu ananyamaza. Dakika nzima wakati mwingine, nasikia pumzi tu, na Wafula anahesabu. Nikaandika kwenye faili: mgonjwa husitasita mwanzoni, dalili ya moyo mzito. Miaka iliyofuata nilifundisha wanafunzi juu ya kimya kile. Nilikisifu sana.

Siku moja nilikuwa sokoni Eldoret nabishana na muuza viazi. Mama mmoja ambaye sijawahi kumwona akanishika mkono.

"Wewe si ndiye Sista wa Alhamisi?"

Nikasema sijui anasema nini.

"Ni wewe. Nimejua kwa sauti. Mimi ni Mama Priska, jirani ya Kogo Leah. Asante sana, ile ya kuota jua imenisaidia magoti. Na kutembea mpaka mtoni tunatembea wote siku hizi. Mzee Busienei peke yake ndio miguu imekataa." Akanisogelea. "Lakini Sista, kila Kogo akikaribia kusema, wewe unaleta barabara. Kwa nini?"

Viazi vilianguka. Nilienda moja kwa moja kwa simu, nikamtafuta Wafula.

"Sista," akasema, akinionea huruma, "hiyo ni laini moja ya nyumba tano. Kengele ikilia kwa Kogo inalia kwa wote. Mtu akiinua mkonga unasikia tik. Tik ya kwanza ni Mama Priska, yeye anakaa karibu na simu. Halafu mwalimu. Halafu kwa fundi. Ya mwisho yenye kikohozi ni Mzee Busienei."

"Na serikali?"

"Serikali iko na kazi, Sista."

Miezi minne nilikuwa naisifu serikali kwa fundi na mwalimu. Nilicheka baadaye, miaka mingi baadaye. Siku ile nililia chooni, kwa sababu siri ya mgonjwa ndiyo kiapo chetu, na mimi nilikuwa nimeitangaza kila wiki kama matangazo ya vifo redioni.

Mama Philomena alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema tutafute simu ya siri. Basi nikapanga na zahanati ya Soy: Kogo aje Jumanne, kwa kisingizio cha dawa ya presha ambayo hata Kimutai hakuthubutu kuikataa, afungiwe chumba cha daktari, na laini yao haikuwa ya pamoja. Mlango umefungwa. Hakuna tik hata moja. Nikauma leso tayari kwa yote.

"Kogo, sasa tuko wawili tu. Sema chochote."

"Niko sawa, Sista. Mvua imenyesha."

Jumanne ya pili: mahindi ni mazuri. Ya tatu: yuko sawa, Mungu ni mwema. Mimi nangoja, leso imelowa, yeye anangoja nimalize kungoja. Hata kile kimya chake cha mwanzo hakikuwepo. Akashika tu simu, akasema yuko sawa, akairudisha. Jumanne ya nne, dada wa zahanati akachukua mkonga baada yake akaniambia mama amepungua, nguo zinamwangukia. Wiki hiyo Kogo alikuwa ameniambia jambo moja tu, kwa sauti ya kawaida kama mtu anayetaja vyombo: alikuwa amefua shuka lake jeupe, amelikunja, amemwonyesha Mama Priska liko wapi, siku likihitajika.

Niliogopa. Wanangu, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa makachero. Nilikuwa nimefanya kila kitu kama kitabu kinavyotaka, na mgonjwa wangu alikuwa anaondoka mikononi mwangu. Jumanne ya tano nikamsihi. Nikamwambia, "Kogo, nifanye nini?"

Akajibu: "Nirudishie simu ya nyumbani."

"Kogo, huko watu wanasikia! Laini ile ni ya nyumba tano!"

"Nirudishie."

Nilidhani ni uzee, kwamba hajaelewa. Nikamweleza tena, polepole, mambo ya waya na kengele. Akaningoja nimalize, halafu akasema, "Alhamisi, saa tatu," akaweka simu chini.

Nikaenda kwa Mama Philomena, nikategemea atakataa. "Kwetu," akasema, "mzazi hamsemi mtoto wake vibaya kwa jirani. Akimtaja, ni kama amemlaani. Hata akiwa anapigwa. Na asiposema mwenyewe, jirani hata wakijua hawawezi kuingilia." Akasukuma simu upande wangu. "Mpigie. Na leo, Awuor, usilete barabara."

Alhamisi ilifika. Ndefu moja, fupi mbili. Tik, Mama Priska. Tik, mwalimu. Tukasalimiana, halafu Kogo akanyamaza. Tik, kwa fundi. Kimya. Nikauma leso. Kimya bado. Mwishowe tik ya mbali, na kikohozi.

"Sista," akasema Kogo, "nataka kukwambia wewe daktari wangu, ambaye si wa hapa, mambo ya ugonjwa wangu."

Akasema. Mkono haukuvunjika kwa kuanguka, ulivunjika Kimutai alipomsukuma ngazini kwa sababu aliomba unga. Stoo haina dirisha. Panya hupita miguuni. Ufunguo wa jikoni uko mfukoni mwa kijana wake aliyemnyonyesha miaka mitatu kwa sababu alizaliwa mdogo. Hakupandisha sauti. Hakumlaani. Alisema kama mtu anayemweleza daktari pale panapouma, na mimi machozi yananitiririka mpaka kwenye leso, na sikusema neno. Tatu hazikuisha. Dakika ishirini nzima Wafula hakuingia hata mara moja. Nilipomuuliza baadaye akaniambia saa yake ilisimama.

"Nimemaliza, Sista," akasema Kogo.

Ndipo sauti ya mzee mwanamume ikatoka kwenye laini, imekwaruza. "Leah."

"Eh!" Kogo akashtuka vizuri sana. "Kwani kuna mtu?"

Jioni ile, jua bado liko juu, Mzee Busienei alifika kwa Kogo na fimbo zake mbili, pamoja na mwalimu, fundi na Mama Priska. Hawakuja kugombana. Walikuja kunywa chai, na mgeni hafukuzwi. Walikaa. Kesho yake wakaja tena. Mama Priska ndiye aliyenisimulia: Kimutai aliimimina chai ile mwenyewe, kwa sababu ufunguo wa jikoni alikuwa nao yeye. Siku ya tatu Busienei akasema, "Tumekuja kuona kitanda cha Leah." Wakaenda mpaka stoo. Wakasimama hapo mlangoni, wakaangalia viazi.

"Nani amewaambia?" Kimutai akauliza.

"Simu," akasema Busienei.

Na hapo ndipo beji ilipomsaliti mwenyewe. Kijana wa chama alijua, kuliko mtu yeyote pale, ni nani wanaosikiliza simu. "Simu? Kwa hiyo... hata juu wamesikia?"

Mzee Busienei, nasikia, alijikohoza tu. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Kimutai alibeba kitanda cha mama yake mwenyewe, akakirudisha kwenye chumba chenye dirisha, kabla chai haijapoa. Ufunguo akauweka mezani. Kabla ya mwezi kuisha alikuwa amehamia upande mwingine wa kijito, akajenga kibanda, na tangu siku hiyo alipofika kwa mama yake alikuwa anaisalimia simu kwa macho kabla ya kumsalimia mtu. Msamaha hakuomba. Sitawadanganya kwamba aliomba. Lakini hakuinua mkono tena, na jirani walihakikisha: chai ilinywewa nyumba ile kila siku mpaka wakazoea.

Kogo akaanza kula. Moyo wake haukuamka siku moja, moyo hauamki hivyo, msidanganywe. Tuliendelea na simu karibu mwaka mzima. Wimbo wake wa kanisa, wakati mwingine aliuimba kwenye laini, na sauti nne zinamwitikia, na Wafula kwa besi.

Nilikwenda kumtembelea mara moja, na gari la hospitali. Alinipa mursik kwenye kibuyu. Mimi ni mtu wa ziwa, maziwa yenye majivu ni mtihani, lakini nilimeza. Lile shuka jeupe nililiona: lilikuwa limetandikwa kitandani, kuku amelala juu yake. Tulipokuwa peke yetu nikamuuliza lile lililokuwa linanila.

"Kogo, ulijua wanasikiliza? Tangu mwanzo?"

Akaniangalia kama nimeuliza kama ng'ombe ana miguu. "Mimi nilikuwa naongea na daktari. Mtoto wangu sikumsema kwa jirani hata siku moja. Kama kuna mtu alichukua maneno ya mgonjwa bila kuitwa, hiyo atajibu kwa Mungu."

"Na zahanati, mbona hukuniambia kitu?"

"Ningekwambia wewe peke yako ungenifanyia nini? Ungenipa dawa."

Nikamwambia basi angalau anieleze kile kimya chake, kile cha mwanzo, ambacho nilikuwa nimekiandika faili nzima, cha moyo mzito.

Kogo akacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka, alikuwa na meno mazuri.

"Busienei ana miguu mibaya," akasema, "na simu yake iko mbali na boma la ng'ombe. Nilikuwa nampa muda afike."